Mtoto wa Mkata Mkonge: Tom Mboya, Utoto Wake na Masomo Yake

Juma lililopita nilikuwa Nairobi, katika mitaa ile ya upande wa mashariki ambayo wenyewe huiita Eastlands. Sikwenda kwa matembezi. Kaka yangu mkubwa, ambaye amekaa Shauri Moyo kwa zaidi ya miaka arobaini, alinipigia simu akaniambia maneno machache tu: "Njoo uzungumze na mtoto wako. Mimi hanisikii tena." Mtoto mwenyewe ni kijana wa miaka kumi na saba, aliye kidato cha tatu. Alikuwa ameivua sare ya shule, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani ya babake na kusema kuwa haivai tena. Alitaka kwenda kuendesha bodaboda.

Ndugu msomaji, utaniwia radhi kwa kuianza makala hii na mambo ya nyumbani kwetu. Nilikusudia kukusimulia habari za marehemu Tom Mboya: wazee wake, utoto wake na shule alizosoma. Lakini habari hizo nilizitafuta kwa sababu ya kijana huyo, na baadhi yake nilizisoma naye tukiwa tumeketi meza moja. Siwezi kuzitenga.

WATU WETU WA SHAURI MOYO

Kabla ya hayo, nataka kumwondolea shaka msomaji wa Mvita, Malindi au Lamu anayedhani kuwa Eastlands ni nchi ya watu wengine. Pumwani, kongwe kati ya mitaa hiyo, ilianza mapema katika miaka ya ishirini, na nyumba zake za Majengo zilijengwa kwa mtindo wetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Pangani ya Nairobi, kijiji kilichokuwa na Waislamu wengi, Waswahili na Wanubi miongoni mwao, ilipobomolewa na serikali mwishoni mwa miaka ya thelathini, wengi wa waliohamishwa waliletwa Shauri Moyo. Kariakor nayo ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambamo vijana wetu wengi wa pwani walichukuliwa, na wengine hawakurudi. Ukiamka alfajiri Shauri Moyo utasikia adhana zikijibizana, na ukitoka nje utanusa mahamri.

Hapo ndipo kaka yangu alipofikia mwaka 1981, akiwa kijana mwembamba mwenye mkoba mmoja. Alijifunza ucherehani, na tangu hapo ameshona nguo za watu wazima, kanzu za Idi na sare za shule nyingi zisizo na hesabu. Sasa macho yake yamechoka. Uzi humtungia mtoto.

SWALI LA KIJANA

Nilifika jioni. Baada ya sala ya Isha tukala, na vyombo vilipoondolewa nikamwita kijana karibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kiutu uzima. Nikamwambia: "Mwanangu, hapa unapoishi si mahali padogo. Ziwani ile pale, mwendo wa miguu, ndiko alikokaa Tom Mboya alipokuwa kijana. Mtoto wa maskini aliyesoma. Leo barabara kubwa ya mjini ina jina lake."

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Ami, samahani. Kwani Mboya si aliacha shule? Mwalimu alitwambia. Aliacha Mang'u kwa sababu ya karo, na bado akawa waziri."

Kaka alicheka peke yake, chini kwa chini. Mimi sikuwa na jibu. Nilijua sanamu ya Mboya, nilijua barabara, nilijua alivyouawa. Utoto wake nilikuwa nikiujua juujuu tu, kama wengi wetu tunavyowajua mashujaa, kuanzia siku waliposimama jukwaani. Nikamwambia: "Kesho tutakwenda kusoma, mimi na wewe, tuone aliacha vipi."

MAKTABA YA KALOLENI

Asubuhi tukavuka Jogoo Road tukaingia Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya arobaini, na kazi ya mikono ilifanywa kwa sehemu na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Nyumba zake ni za mawe na vigae, na miti yake sasa ni mikubwa. Katikati upo ukumbi wa mikutano ambao wazee wa Nairobi waliupa jina la bunge, kwa vile siasa za Waafrika zilizungumzwa pale wakati Bunge lenyewe lilikuwa la wengine. Karibu na ukumbi huo ipo maktaba ndogo, ambayo miaka ya karibuni imekarabatiwa ikapendeza. Tuliwakuta watoto wamejaa, na wengine wamekaa sakafuni.

Maktaba hiyo ni tawi la Maktaba ya McMillan iliyoko katikati ya mji. Naomba msomaji alishike jina hilo, kwa maana hadithi ya Mboya inaanzia hapo.

Sir William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani tajiri aliyekuja kuishi Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita. Alikuwa na mashamba makubwa ya mkonge upande wa Thika, kuzunguka mlima ambao Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk nasi twauita Kilima Mbogo. Alifariki mwaka 1925 akazikwa kwenye mlima huo huo. Mkewe, Lady Lucie, akajenga maktaba ya kumkumbuka, ikafunguliwa Nairobi mwaka 1931, jengo la nguzo nyeupe lenye simba wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi tangu kufunguliwa, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Basi mwaka mmoja kabla ya maktaba hiyo kufunguliwa, tarehe 15 Agosti 1930, katika shamba la mkonge la McMillan pale Kilima Mbogo, alizaliwa mtoto wa mfanyakazi. Ndiye Thomas Joseph Odhiambo Mboya.

BABA, MAMA NA SHAMBA LA MKONGE

Babake aliitwa Leonardus Ndiege na mamake Marcella Onyango. Asili yao ni Rusinga, kisiwa kilichoko katika Ziwa Viktoria, ambako wenyeji wake ni Wasuba waliozoea kusema Kijaluo. Jina la Odhiambo, kwa desturi ya Wajaluo, hupewa mtoto aliyezaliwa jua likielekea kuchwa.

Kutoka Rusinga hadi Thika ni safari ndefu, na Ndiege hakuifanya kwa kupenda. Zama hizo Mwafrika alitozwa kodi ya fedha, na fedha haikupatikana ziwani kwa kuvua samaki. Ilipatikana kwa mzungu mwenye shamba. Ndiege akaanza kwa kukata mkonge. Sisi wa pwani kazi hiyo twaijua, maana mashamba ya mkonge ya Vipingo na kule Tanga yamewamaliza wazee wetu wengi. Jani la mkonge lina mwiba nchani, utomvu wake huwasha mwili, na mkataji hulipwa kwa hesabu ya matita aliyoyafunga. Baadaye Ndiege alipandishwa akawa nyapara. Alitumika katika shamba hilo kwa muda wa miaka ishirini na mitano.

Yeye na mkewe walijaaliwa watoto saba, wavulana watano na wasichana wawili. Baba hakupata elimu ya shule, lakini walikuwa Wakatoliki, na kanisa lilikuwa na shule. Ndiege aliona shambani mwake jambo moja waziwazi: mwenye kuandika jina la mfanyakazi kwenye daftari ndiye aliyejua kiasi cha mshahara, na aliyeandikwa hana njia ya kuhakikisha. Mtu huhitaji kuwa na karani mmoja tu mdhalimu katika maisha yake ndipo aape kuwa mwanawe atasoma.

Shamba lenyewe lilikuwa shule ya namna yake. Waliokusanyika pale walikuwa Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na wengineo, kila mmoja na lugha yake, na watoto wao walicheza pamoja kwenye kambi. Mboya alikua akisikia Kikamba na Kikuyu kama alivyosikia lugha ya mamake, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Alipokuja kusimama katika uwanja wa Kamukunji miaka ya hamsini na kuwazungumzia watu wa makabila yote bila ya mkalimani, hakujifunza jambo hilo kwenye siasa. Alilichukua kambini Kilima Mbogo akiwa mtoto.

MCHANGA NA UBAO

Alipofika miaka tisa alipelekwa Kabaa, kwenye misheni ya mapadri katika nchi ya Wakamba. Huko masomo ya kwanza hayakuwa na kalamu wala karatasi. Watoto walikaa nje, na herufi walijifunza kuziandika mchangani.

Niliposoma hapo nilimtazama kijana, naye akanitazama. Nikamwambia: "Nasi tulianza hivyo hivyo." Nikamsimulia chuo chetu cha Kurani, mimi na babake. Mwalimu alituandikia alifu na be juu ya ubao kwa wino wa masizi, na ukishahifadhi uliuosha ubao kwa maji ukaandikiwa mengine. Ubao ukioshwa, kilichobaki kilibaki kichwani mwako, au hakikubaki kabisa. Mchanga nao ni hivyo. Upepo ukipita, au mwenzio akikanyaga, herufi imekwenda, na huna daftari la kurudia nyumbani.

Lakini ni lazima tuseme na lililotutenga. Wazee wetu wengi wa pwani waliziogopa shule za misheni, wala hofu yao haikuwa ya ujinga. Mtoto aliyepelekwa kule alibatizwa na kupewa jina jingine. Kwa kuilinda dini, walimzuia mtoto, na kwa kuwa serikali haikujenga shule za kutosha nje ya misheni, vizazi vizima vilibaki na chuo peke yake. Hata taasisi ya MIOME ya Mombasa, iliyokusudiwa kuwafundisha Waislamu kazi za ufundi, ilianza kufundisha mwaka 1951, wakati ambapo Mboya alikuwa ameshamaliza masomo na anatafuta mkate wake. Ilhali amri ya kwanza aliyoshushiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa amri ya kusoma. Mambo haya nayaandika bila ya kumlaumu mzee yeyote. Marehemu babangu alikuwa mmoja wao, mpaka alipobadilisha fikira, na alipobadilisha hakuwa na pesa.

YALA NA MANG'U

Mwaka 1942 Mboya alihamia shule ya St. Mary's, Yala, katika Nyanza, karibu na nchi ya wazee wake. Alisoma huko hadi akafaulu kuingia sekondari, na mwaka 1946 akapokewa Mang'u, karibu na Thika. Shule hiyo ya mapadri ilianzishwa Kabaa mwaka 1925, ikahamishiwa Mang'u karibu na mwaka 1940. Kwa hiyo Mboya aliukuta tena mti ule ule alioanza chini ya kivuli chake, umepandwa mahali pengine. Zama hizo shule za Waafrika zilizofika sekondari nchini Kenya zilihesabika kwa vidole, na Mang'u ilikuwa miongoni mwazo. Mwaka 1947 aliingia pale kijana mwingine kutoka Othaya, Mwai Kibaki, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa tatu wa Kenya.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 1947, Mboya alifanya mtihani na kufaulu. Ilibaki miaka miwili afikie cheti cha Cambridge, na mwenye cheti hicho alifunguliwa mlango wa Makerere. Akili ilikuwepo, na nafasi ilikuwepo. Lakini karo haikuwepo. Mshahara wa nyapara wa mkonge haukuweza kumlipia yeye na kuwasomesha wadogo zake pia. Mboya akaondoka Mang'u akiwa na miaka kumi na saba.

Kijana alisoma mstari huo mara mbili. Miaka kumi na saba ndiyo yake. Akafunga kitabu akasema taratibu: "Ami, mdogo wangu anaingia sekondari mwakani. Karo ni ya mmoja, na sisi ni wawili. Baba haoni uzi."

Hapo ndipo nilipoijua sababu. Babake hakuijua, kwa vile mtoto alimficha. Nilikuwa nimepanda treni kutoka Mombasa kuja kumkaripia mvivu, nikamkuta mtoto anayetaka kumpisha dadake.

ALILOACHA NA ASILOLIACHA

Sikumjibu palepale. Tulifungua tena kitabu, maana swali lake lilikuwa halijajibiwa: kama Mboya aliacha shule akawa waziri, kwa nini yeye asiache?

Haya ndiyo tuliyoyakuta. Mboya hakutoka Mang'u akaenda kukaa. Alitafuta mafunzo yasiyodai karo, akayapata katika kazi ya ukaguzi wa afya, ambako mwanafunzi alipewa posho. Mwaka 1948 akaanza, akapitia chuo cha Jeanes kilichokuwa Kabete, na mwaka 1950 akahitimu. Mwaka 1951 Halmashauri ya Mji wa Nairobi ikamwajiri. Mshahara wa mkaguzi Mwafrika ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa Mzungu wa kazi ile ile. Yeye mwenyewe amesimulia siku alipokuwa peke yake ofisini, akaingia bibi wa Kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Bibi akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro.

Usiku, baada ya kazi, alijiandikisha kusoma kwa njia ya posta na chuo kimoja cha Afrika Kusini, akajifunza uchumi. Akawaunganisha wafanyakazi wenzake wa Halmashauri hadi wakawa na chama chao. Mwaka 1953, katika kipindi cha Hali ya Hatari, viongozi wengi wakiwa kizuizini, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na umri wake miaka ishirini na mitatu. Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yalipoizingira mitaa hii ya Eastlands na kuwazoa watu kwa maelfu, ofisi yake ilikuwa moja ya milango michache iliyobaki ya kupelekea malalamiko.

Mwezi Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Wazee wa Kilindini wangali wanaulizwa habari hizo na wajukuu wao. Mboya akateremka pwani, akawasihi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa, na mwishowe nyongeza ya mshahara ilipatikana. Mwaka huo huo akaenda chuo cha Ruskin, Oxford, akasoma mwaka mmoja. Alirudi darasani, msomaji, miaka minane baada ya kutolewa. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi ilimchagua Mboya, na pwani yetu ikamchagua Ronald Ngala.

Kisha ukaja ule mpango wa ndege. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, na mwaka uliofuata wakaenda wengine, akiwemo Wangari Maathai. Mboya alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo na nauli. Watu huuliza alipata wapi bidii ile. Mimi nadhani msomaji aliyefika hapa analo jibu. Aliyezuiwa mlangoni na karo akiwa na miaka kumi na saba hawezi kumwona mtoto mwingine amesimama mlango huo huo akapita kimya.

Mwisho wake wajulikana. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi alipopigwa risasi mchana, siku ya Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Hakuwa ametimiza miaka thelathini na tisa. Alizikwa Rusinga. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011 karibu na pale damu yake ilipomwagika.

DENI LANGU

Tulirudi Shauri Moyo wakati wa adhuhuri. Njiani nilimwambia kijana lile nililokuwa nimelipata. "Mboya aliacha shule kwa kukosa, si kwa kutaka. Na tangu siku aliyoacha, hakupumzika mpaka aliporudi. Wewe ukiiacha leo, nani atakuahidi kuwa utarudi? Yeye alipata mafunzo yenye posho. Pikipiki haina darasa la usiku."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali la pili, na hili halikuwa la vitabu. "Na baba je? Yeye alirudi?"

Sikuwahi kuyaandika haya, nami nakaribia kuwa mzee. Mwaka 1981 kaka yangu alikuwa kidato cha pili, mimi niko madrasa na shule ya msingi. Baba akaugua. Usiku mmoja nilisikia akizungumza na mama jikoni. Asubuhi kaka alinipa kalamu yake ya wino na rula ya mbao, akapanda basi la Nairobi. Kila mwezi zilikuja shilingi kwa mkono wa msafiri. Nilipoingia sekondari sare yangu ilishonwa Shauri Moyo, naye hakuwahi kunipima. Alikisia kwa kumuuliza mtu nimefikia wapi kwa urefu. Elimu hii ninayoandikia magazeti na kutungia mashairi imetoka kwenye cherehani ile. Kaka hakurudi darasani. Si kwa kukosa akili, kwani chuoni yeye alikuwa mbele yangu, akihitimisha juzuu mimi ningali katika herufi. Hakurudi kwa sababu mimi nilikuwa bado nasoma, kisha akaja mwingine, kisha akaoa.

Kwa mamia ya makala niliyoandika, sikuwahi kumwandikia yeye hata moja. Nilimtaja Idi, nilimtumia halua. Nilidhani ndiyo shukrani.

Jioni ile nilimwambia kaka kuwa karo ya kijana ni juu yangu hadi amalize, na ya mdogo wake wa kike tutaigawana. Alikataa. Akasema hakunisomesha ili alipwe, na kwamba maneno hayo yamemtia aibu mbele ya wanawe. Tulisimama hivyo kitambo, wazee wawili wenye mvi tukigombania risiti ya shule. Ndipo kijana aliposema kwa sauti ya chini: "Baba, kama ami halipi, mimi siendi. Na kama siendi, ulichomfanyia ami kimeishia kwa ami."

Kaka aliketi. Akavaa miwani yake, akaichukua ile sare juu ya cherehani, akaitazama pindo. Ilikuwa imekuwa fupi. Akaanza kuifumua, na mtoto akamtungia uzi.

Siku ya Jumatatu nilimsindikiza kijana hadi lango la shule, kisha nikashika njia ya kurudi Mombasa.

Wasomaji wangu, wengi wetu tunaye mtu wa namna hii. Yuko Eastlands, au Jeddah, au Muscat, au jikoni mwa watu. Ndiye aliyetoka darasani ili wewe ubaki. Mboya alijengewa sanamu, naye alistahiki. Hawa wengine hawana sanamu, na hawaitaki. Lakini wana watoto, na watoto wana karo. Ukilifunga gazeti hili, mpigie simu. Nami namalizia kwa ubeti mmoja niliotunga nikiwa safarini, ambao nautuma Shauri Moyo:

Kaandika mchangani, mwana asiye na kitu,
Karo yakosa nyumbani, shule kaacha kwa utu,
Wadogo wawe chuoni, wapate kuwa ni watu,
Deni la kaka shingoni, silitupe ewe mtu.